Ghuba Isiyopwa

Sisi tuliozaliwa pwani hatukuanza kujifunza wakati kwa saa ya ukutani. Tulijifunza kwa maji. Mama alipotaka kwenda kuokota chaza hakuuliza ni saa ngapi. Aliuliza kama maji yamepwa au bado. Wavuvi walingoja maji yajae ili ngalawa zielee, na sisi watoto tulijua kwamba wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hurudi mbali na uwanja wa mpira hupatikana bure, na kwamba wakati wa maji mafu hakuna mchezo. Kwa hiyo msomaji asishangae nikimwambia kwamba katika safari zangu za kumtembelea binti yangu huko Cardiff, mji mkuu wa Wales, kitu kilichonishika kuliko majumba na makumbusho yote ni ghuba isiyopwa.

Tangu Novemba 1999 maji ya ghuba ile yamekaa mahali pamoja, asubuhi na jioni, bamvua na maji mafu. Bahari ya nje bado inapanda na kushuka kama ilivyoumbwa, lakini ndani yake haiingii. Imezuiwa na ukuta uliojengwa kutoka upande wa bandari ya Cardiff hadi chini ya kilima cha mji wa Penarth. Waingereza wana jina la kazi kama hiyo, walilolichukua kwa Wafaransa. Sisi tuna bwawa, lakini mtu akitaja bwawa huyaona kwanza maji. Na tuna banio, ambalo wakulima wa umwagiliaji wanalijua vizuri, lakini banio ni dogo. Mimi nitaliita tuta, kwa kuwa sehemu kubwa yake ndivyo ilivyo: tuta la mawe na mchanga, urefu wake kilomita 1.1, na nyuma yake limetokea ziwa la maji baridi la hekta 200 hivi, linalolishwa na mito miwili, Taff na Ely.

Watu huenda pale kutembea, kuendesha baiskeli na kutazama mashua. Hayo tu. Hakuna kiingilio. Ukitoka upande wa mjini unapita karibu na kanisa dogo jeupe la mbao walilojengewa mabaharia wa Norway, ambamo mwandishi Roald Dahl alibatizwa, kisha unafuata uzio wa bandari, na ghafla uko juu ya tuta: ziwa kuliani, bahari kushotoni. Ziwa limetulia kama sinia la chai. Bahari ina rangi ya udongo, na ukiwa na bahati ya hewa safi utaviona visiwa viwili, Flat Holm na Steep Holm, na nyuma yao pwani ya Uingereza yenyewe. Kutoka Flat Holm, mwezi Mei 1897, Marconi na msaidizi wake walirusha na kupokea ujumbe wa kwanza wa redio kuvuka maji ya bahari. Mjukuu wangu wa miaka tisa hilo halikumgusa hata kidogo. Yeye alitaka kujua kama ataruhusiwa kuendesha baiskeli mpaka mwisho bila kunisubiri.

Njia ile ilifunguliwa kwa wenda kwa miguu na waendesha baiskeli mwaka 2008, yaani miaka karibu tisa baada ya tuta kufungwa. Miaka miwili baadaye likajengwa daraja la miguu na baiskeli juu ya mto Ely, walilolipa jina la Kiwelsh lenye maana ya daraja la watu wa kawaida, Pont y Werin. Tangu hapo mtu anaweza kuizunguka ghuba yote, kilomita 10 hivi, na kurudi alipoanzia. Kwa miguu yangu ni safari ya saa tatu pamoja na mapumziko. Nimeifanya mara nyingi, na nakiri kwamba ni matembezi mazuri. Waendesha baiskeli hupiga kengele kwa adabu, wazee wana mabenchi, watoto wana uwanja wao, na hakuna gari linalokutimulia vumbi. Nilipokuwa mkuu wa shule nilipigania kwa miaka mingi njia ya miguu kando ya barabara ili wanafunzi wasigongwe, na sikuipata. Kwa hiyo sina ubavu wa kuwabeza watu waliopata kilomita 10.

Uhondo wenyewe uko mwisho wa tuta, upande wa Penarth. Huko kuna milango mitano mikubwa ya kutolea maji ya mito, njia ya samaki, na vyumba vitatu vya kupitishia mashua. Hivyo vyumba ndivyo watu wanavyosimama kuvitazama, na mimi mmoja wao. Kila chumba ni kama mfereji mfupi wenye kuta za zege na malango pande zote mbili, urefu wake mita 40. Mashua inayotoka ziwani huingia, lango la nyuma hufungwa, kisha maji hupunguzwa polepole mpaka yalingane na bahari ya nje; ndipo lango la mbele hufunguliwa nayo ikaenda zake. Inayoingia hufanyiwa kinyume chake. Nahodha huomba nafasi kwa redio, na daraja lililo juu ya chumba hunyanyuka kama mtu anayeinua mkono kuuliza swali darasani. Wenda kwa miguu na baiskeli zao husimama na kungoja. Hakuna anayenung'unika, kwani kungoja huko ndiko walikokuja kukutafuta.

Kuta za vyumba hivyo, pamoja na milango yake, zimepakwa mistari ya njano ambayo kwa mbali haina maana yoyote. Ni kazi ya msanii Felice Varini. Ukisogea sogea mpaka ufike mahali pamoja maalumu, mistari yote hukusanyika na kuwa duara refu tatu zilizopachikana. Hatua moja kushoto, zimevunjika tena. Mjukuu wangu aligundua mahali hapo kabla yangu.

Siku moja nilikuwa nimesimama hapo nikimpigia mtoto kelele apunguze mwendo. Mzee wa Kisomali aliyekaa benchini akacheka, akasema kwa Kiswahili safi cha Mombasa, "Sauti hiyo ni ya mwalimu."

"Ni ya mwalimu mstaafu, mzee wangu," nikamjibu, nikampa mkono. "Shikamoo."

Aliitikia marahaba bila kusita, maana alikuwa amenipita kwa zaidi ya miaka kumi. Aliishi Mombasa utotoni, akapata kazi melini, akafika Cardiff mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakaa. Nilimuuliza ghuba ilikuwaje wakati huo. Akanyoosha fimbo kuelekea ziwani. "Hapo palikuwa maji mara mbili kwa siku na tope mara mbili kwa siku. Meli ilingoja maji, nasi tulingoja meli. Ukikosa maji ya asubuhi, umekosa siku."

Maneno hayo yalinirudisha kwenye somo la jiografia. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mahali pa pili duniani kwa tofauti kati ya maji kujaa na kupwa, baada ya Ghuba ya Fundy huko Kanada, ni mlango wa mto Severn, ambako ndiko Cardiff iliko. Nilikariri, nikafaulu, nikaenda kuwakaririsha wengine. Kwetu Tanga wakati wa bamvua tofauti hiyo hufika mita tatu na ushei, nasi huona kwamba bahari imekwenda safari. Cardiff huzidi mita 12. Hebu fikiria jengo la ghorofa nne linalofunikwa na kufunuliwa, mara mbili kila siku. Sababu ni umbo la mlango wenyewe: ni mpana upande wa bahari kuu na unazidi kuwa mwembamba na wenye kina kifupi, kama faneli, hata wimbi la maji linapobanwa kando halina pa kwenda ila juu. Tena urefu wa mlango huo unaafikiana na mwendo wa mawimbi ya Atlantiki, kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea kwa wakati unaofaa.

Bandari ya Cardiff ilizaliwa ndani ya taabu hiyo. Mwaka 1801 mji ulikuwa na watu wasiofika 2,000, mji mdogo kuliko wilaya nyingi tulizofundisha. Lakini nyuma yake, mabondeni, kulikuwa na makaa ya mawe, na makaa ya Wales ya Kusini yalikuwa ya namna yake: yenye moto mkali na moshi mdogo, yanayopendwa na manowari na meli za mvuke. Mfereji ulifunguliwa mwaka 1794 kuyashusha pamoja na chuma. Hata hivyo meli ingepakiaje mahali ambapo kwa nusu ya siku hulala ubavu juu ya tope? Bwana mmoja mwenye ardhi, Marquess wa pili wa Bute, alitumia mali yake kujenga bwawa la kupakilia shehena, lililozungushiwa kuta za mawe na kufungwa kwa malango, ili maji yakishaingia yasitoke. Lilifunguliwa mwaka 1839. Reli ikafuata muda mfupi baadaye, kisha mabwawa mengine, la mwisho na kubwa kuliko yote mwaka 1907.

Hapa naomba msomaji asimame nami kidogo, maana jambo hili sikulisikia likisemwa na yeyote kati ya wale wanaobishana juu ya tuta. Watu husema kwamba mwaka 1999 Cardiff iliiacha bahari. Lakini ukitazama vizuri, mji ule ulianza kuyafungia maji tangu 1839. Malango ya Bute na malango ya leo yana kazi moja: kumwondolea mtu adha ya kungoja maji. Tofauti ni kwamba yale ya kwanza yalifungwa kwa ajili ya kazi, na nje yake matope yakaachwa yalivyo, wazi kwa kila jicho. Haya ya pili yalifungwa kwa ajili ya macho.

Mwaka 1913 Cardiff ilisafirisha tani zaidi ya milioni 10 za makaa. Hakuna mwaka uliozidi huo. Makaa yale yalirundikwa Port Said na Aden, na meli zilizokuja Mombasa na Unguja kupitia Suez zilijaza matumbo yao huko njiani. Babu zetu walioona moshi upeo wa bahari, yamkini waliona bonde fulani la Wales likienda angani. Lakini mwaka huohuo wa 1913, tarehe 14 Oktoba, mlipuko katika mgodi wa Senghenydd, si mbali na Cardiff, uliua wachimbaji 439, na mwokoaji mmoja juu yao. Nilipowahi kufundisha historia ya uchumi nilikuwa naandika tani ubaoni. Siku hizi naona ingefaa kuandika namba hizi mbili pamoja.

Ni nani waliochochea moto katika meli hizo? Wengi walikuwa Wasomali, Wayemeni, watu wa Afrika Magharibi na wa visiwa vya Karibi. Walikaa katika mtaa wa Butetown, kati ya mji na bandari, mtaa ambao magazeti yaliupenda kwa jina la Tiger Bay na kuusimulia kama pango la majambazi. Waliooa huko walioa wasichana wa Wales, wakazaa, wakajenga msikiti katika mtaa wa Peel, ambao ulipigwa bomu na Wajerumani mwaka 1941. Kabla ya hapo, Juni 1919, askari waliorudi vitani waliwakuta mabaharia hao wakiwa na kazi na wake, na makundi ya wazungu yakavamia nyumba zao kwa siku kadhaa. Watu watatu walikufa.

Baada ya vita vya kwanza meli zilianza kugeukia mafuta, na bandari ikaanza kufa polepole. Shehena ya mwisho ya makaa iliondoka Cardiff mwaka 1964, na mwaka huohuo bwawa la kwanza la Bute likafungwa. Nyumba za zamani za Butetown zilibomolewa katika miaka hiyo hiyo ya 1960 na badala yake yakajengwa maghorofa. Kiwanda cha chuma cha East Moors kilifungwa mwaka 1978. Kilichobaki ni uzio, maghala yasiyo na kitu, na matope ambayo sasa hayakuwa na meli ya kuyafanya yavumilike.

Ndipo likaja wazo la tuta. Mwaka 1987 serikali iliunda shirika la kuendeleza ghuba, na shirika likasema hivi kwa ufupi: mwekezaji hawezi kujenga mbele ya matope. Mpe maji, atajenga. Aliyelisukuma wazo hilo serikalini ni Nicholas Edwards, aliyekuwa waziri wa mambo ya Wales. Muswada ulikwama bungeni mara kadhaa na ulipita tu mwaka 1993. Ujenzi ulianza 1994, na gharama zikafika kiasi cha pauni milioni 220.

Mabishano yalikuwa makali, na mtu akiyasoma leo ataona hayakuwa kati ya watu wa maendeleo na wapinga maendeleo, ingawa pande zote mbili zilipenda kuyapaka rangi hiyo. Wabunge wawili wa chama kimoja cha Labour, wa mji mmoja, walisimama pande mbili: Alun Michael akiunga mkono, Rhodri Morgan akipinga kwa hotuba ndefu zisizokwisha. Wenye nyumba katika mitaa ya chini walisema maji ya ziwa yakikaa juu muda wote, maji ya ardhini nayo yatapanda na kuingia katika vyumba vyao vya chini. Hoja hiyo ilikuwa na akili, hata ikawekwa ndani ya sheria yenyewe: nyumba zikaguliwe kabla na baada, na anayeharibikiwa atengenezewe. Wengine waliuliza je, mito miwili inayoshuka na uchafu wa mabonde ikizuiliwa isioshwe na bahari, ziwa halitaoza? Nalo likajibiwa kwa sheria. Hewa ya oksijeni ndani ya maji isipungue miligramu 5 kwa lita. Ndiyo maana chini ya ziwa lile tulivu kuna mabomba yanayopuliza viputo vya hewa. Mtalii haoni. Bahari iliifanya kazi hiyo bure, mara mbili kwa siku.

Waliobaki bila wakili wa kutosha ni ndege. Mdomo wa Taff na Ely ulikuwa eneo linalotambuliwa kisheria kwa ajili ya ndege wa matopeni waliokuja kwa maelfu kila majira ya baridi. Mmoja ni ndege wa jamii ya kitwitwi, mwenye miguu myekundu, anayeishi kwa kudonoa vidudu katika tope maji yakishapwa. Ndugu zake wa aina nyingine huja mpaka pwani yetu kila mwaka wakikimbia baridi ya kaskazini, nasi huwaona wakikimbia mbele ya mawimbi bila kufikiria kwamba wana ratiba ya kula iliyo ngumu kuliko ya kwetu. Serikali ilisema ndege watatengenezewa mahali pengine, na kweli hifadhi ya Newport ilifunguliwa mwaka 2000, mwendo wa kilomita kadhaa upande wa mashariki. Ni hifadhi nzuri, imejaa matete na maji baridi, na imepata wageni wake wa aina yake. Lakini matete si matope ya bahari.

Watafiti walikuwa wamewavalisha pete ndege wale wenye miguu myekundu kabla ghuba haijafungwa. Baada ya kufungwa waliwafuatilia. Wengi walihamia mdomo wa mto wa jirani, Rhymney, ambako tayari kulikuwa na wenyeji. Wahamiaji hao walipimwa wakakutwa wamepungua uzito, na katika miaka iliyofuata walikufa kwa wingi kuliko wale wenyeji waliowakuta. Nimelieleza hili kwa marafiki wawili watatu, na kila mmoja alisema, "Kumbe! Mimi nilidhani ndege akifukuzwa anaruka tu akatafute pengine." Ndivyo hata watu wazima wenye shahada hudhani. Husema hivyo hata juu ya wamachinga.

Yule mzee wa Kisomali hakuwa na habari za ndege. Yeye alizungumzia nyumba. Alininyooshea majengo ya vioo yanayozunguka ziwa, akaniuliza kama naona taa zake jioni huwa ngapi. "Maji yalipopanda," alisema, "kodi nayo ikapanda. Wajukuu zangu wamezaliwa hapo nyuma, dakika kumi kwa miguu. Hakuna hata mmoja anayeishi mahali anapoyaona maji." Nilimuuliza basi kwa nini anakuja. Akashangaa swali. "Nije kutazama mashua, mwalimu. Mimi baharia."

Nilikwenda Butetown baadaye, kwa sababu yake na kwa sababu nyingine inayowahusu walimu. Katika shule ya msingi ya Mount Stuart alifundisha, hatimaye akawa mwalimu mkuu, Betty Campbell, mwanamke wa kwanza mweusi kuongoza shule katika Wales. Alizaliwa mwaka 1934 katika mtaa uleule. Baba yake alitoka Jamaika na alikufa baharini wakati wa vita vya pili. Alipokuwa msichana alimwambia mwalimu wake kwamba anataka kuwa mwalimu, akaambiwa vikwazo vitamshinda. Akalia, kisha akaolewa, akazaa, na mwaka 1960 chuo cha ualimu cha Cardiff kilipoanza kupokea wanawake akaingia katika kundi la kwanza, wanawake sita tu. Alifundisha watoto wa mabaharia historia ya watu weusi wakati ambapo haikuwa katika muhtasari wowote. Alifariki mwaka 2017, na mwaka 2021 sanamu yake ilizinduliwa katikati ya mji. Imesimama mbali na ziwa, karibu na stesheni ya reli. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya mfalme yeyote wa shaba.

Je, tuta ni zuri au baya? Nimeulizwa na binti yangu, ambaye anapenda majibu mafupi. Mabonde ya Wales yaliachwa bila kazi, na mji uliokuwa lango lao ulihitaji sababu ya mtu kuja. Waliopata ajira pale hawakuwa wa kufikirika. Mwaka 1999, mwaka uleule wa kufungwa kwa ghuba, bunge la kwanza la Wales lilianza kukaa karibu na maji yale. Aliyekuwa mkuu wa kwanza wa serikali yake ni Alun Michael aliyelitaka tuta, na aliyempokea mwaka 2000 ni Rhodri Morgan aliyelipinga, akaongoza karibu miaka kumi akiwa jirani wa ziwa asilolitaka. Nadhani lilikuwa jambo la kufanywa. Nadhani pia kwamba liliuzwa kwa hesabu isiyotimia, maana faida iliandikwa kwa pauni na hasara ikaandikwa kwa maneno, na darasani insha ya namna hiyo ningeirudisha. Wale waliosema matope ni uchafu tu hawakuwahi kumwona mama mwenye kapu akirudi kutoka kwenye matope na chakula cha jioni.

Katikati ya tuta wameweka maonyesho madogo, mawili yanayofaa kusimamiwa. Moja ni la enzi ya makaa. Jingine ni la nahodha Scott, ambaye meli yake Terra Nova iliondoka Cardiff tarehe 15 Juni 1910 kwenda Ncha ya Kusini, ikiwa imepakia makaa ambayo wafanyabiashara wa mji waliitoa kama zawadi. Scott hakurudi. Watoto hupiga picha hapo na kuendelea na baiskeli zao.

Msomaji ambaye atajaliwa kufika, namshauri asiende saa yoyote tu. Atafute jedwali la maji, achague siku ya bamvua, na afike kwenye vyumba vya mashua karibu na wakati wa maji kupwa kabisa. Akae upande wa nje. Atakuta mashua inaingia chumbani usawa wa miguu yake, kisha inaanza kuzama taratibu mbele ya macho yake, mita moja, mbili, nne, sita na zaidi, mpaka mlingoti peke yake ndio ulio sawa na uso wake na wenye mashua wanamtazama kutoka chini kama watu walio kisimani. Lango likifunguliwa ataona walikokuwa wakienda: mfereji mwembamba wa maji ya rangi ya udongo, na pande zote mbili, chini ya kilima cha Penarth, matope yaliyobaki, meusi, yenye kung'aa, na ndege wawili watatu juu yake wakidonoa haraka haraka kabla maji hayajarudi. Avae koti zito. Upepo wa pale haujazuiwa na mtu.